Chupa ya Giaboksi na Chupa ya Difu

Gerezani, 4 Februari

Kwa babu yangu, mzee mwenzangu,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo haujambo? Cherehani yako ile inayokohoa kuliko wewe haijambo? Na Mkia, mguu wake unaendeleaje? Mwambie kaka yake anamsalimu, na asizoee kulala. Mtu aliyenifuata nyuma tangu anatambaa mpaka mtaa mzima ukamwita Mkia hawezi kushindwa na magongo mawili. Mimi mzima. Chakula cha huku kibaya, lakini nakula na cha wanaokisusa, kwa hiyo mashavu yamejaa. Ukiniona utadhani nimepandishwa cheo.

Barua hii naiandika mwenyewe. Uliniambia nikiacha shule darasa la sita nitaishia kuweka dole gumba. Haya, litafute hilo dole gumba humu.

Sasa nisikilize. Wakili niliyepewa bure, yule kijana mwenye suruali inayoishia juu ya soksi, alikuja jana. Rufaa itasikilizwa tarehe 17 Juni. Amesema nikienda mikono mitupu nitamaliza miaka yangu mitano yote humu. Anataka kitu cha kushika mkononi. Nikamwambia kipo, kiko uani kwa babu, chini ya turubai.

Unajua nilivyosema mahakamani tangu siku ya kwanza. Gia iliruka yenyewe pale juu ya mteremko wa tangi la maji, gari likaniponyoka, ndiyo maana yule muuza magazeti akafa na Mkia akavunjika. Hakimu hakuniamini. Polisi walipima breki tu, wakaandika gari zima. Wewe peke yako uliniamini. Basi tuwaonyeshe. Kitu kikilika ndani ya giaboksi hakiendi popote, kinabaki kwenye mafuta.

Kwa hiyo nataka ummwage Kipanga, gari langu lile, mafuta ya giaboksi na ya difu, uyahifadhi, halafu umtie mapya. Pua yake imebonyea lakini tumbo halikuguswa, na mimi nikitoka nataka kumwendesha. Gari la viti viwili lililonizidi umri, alilokutelekezea daktari wa meno likiwa banda la kuku, mimi nikalifufua kwa miaka miwili. Nani mwingine mjini angeweza? Usijibu, najua.

Mnyanyue kwa jeki kubwa, umkalishe juu ya matofali pande zote nne, awe sawa kama meza yako ya kukatia. Kabla hujaingia chini msukume kwa bega uone kama anatikisika. Nakuhitaji ukiwa hai. Katikati, chini ya viti, utaona chuma kama chungu kilicholala. Hiyo ndiyo giaboksi. Kitakoni ina bolti moja. Tia beseni, fungua, mwache akojoe asubuhi mpaka jioni, maana mafuta ya baridi ni mavivu kama mimi shuleni. Kisha nenda nyuma. Kati ya magurudumu mawili kuna tumbo la chuma la mviringo, linalogawa nguvu kulia na kushoto. Hiyo ndiyo difu. Fanya hivyo hivyo. Mafuta mapya yako chini ya kitanda changu. Kopo jembamba ni la giaboksi, ni mepesi. Kopo la bluu ni la difu, ni mazito na yananuka yai viza. Usichanganye.

Mafuta ya zamani tia kwenye chupa mbili, kila moja na jina lake. Kwenye ya giaboksi utaona unga unaometa kama dhahabu. Ni shaba. Ndani mna ringi za shaba, na zikilika gia inaruka. Huo unga ndio ufunguo wangu wa lango.

Mkia asiingie chini ya gari. Akushikie spana tu.

Mimi mjukuu wako,
fundi wa mafundi


Nyumbani, 27 Februari

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mgongo uko palepale ulipouacha. Mkia anatembea kwa gongo moja ndani ya nyumba na mawili nje. Amepokea salamu zako.

Barua yako ilinikuta na suruali sita za watu, nikaziweka kando. Gari limenyanyuka. Nililisukuma kwa bega kama ulivyoagiza, halikutikisika, nikatikisika mimi. Nililala chini juu ya gunia, Mkia akinipa spana moja baada ya nyingine kutoka kwenye kiti, mpaka bolti ya giaboksi ikakubali. Yametoka, yako kwenye chupa. Ya difu bado.

Tatizo ni hili, fundi wa mafundi. Umenipa pa kumwagia, hukunipa pa kujazia. Nimeizunguka giaboksi nzima kwa vidole kama mtu anayetafuta pindo gizani. Sikuona tundu jingine. Fundi wa jirani alipokuwa anapita nikamwita, akachungulia, akasema magari ya aina hii aliyaona kwenye kalenda. Mimi nikimfundisha mtu kukata kitambaa, kitu cha kwanza namwonyesha pa kuingilia mkono, ndipo ashike mkasi. Wewe ulianza na mkasi.

Sasa gari la watu liko hewani, tumbo tupu, na barua yangu itakaa wiki mbili njiani. Nimefunika turubai. Ninangoja.

Babu yako


Gerezani, 16 Machi

Kwa babu yangu asiyeona matundu,

Shikamoo. Hujambo? Mkia hajambo? Mimi mzima, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Nilimsomea mwenzangu wa kitanda cha juu kuhusu kalenda, akacheka mpaka askari akapiga mlango rungu.

Haya, kosa langu. Mtu wa kweli anafungua pa kujazia kwanza, akiona pamekubali ndipo anamwaga. Kila mtoto wa gereji anajua. Mimi nilijua sana mpaka nikasahau kuandika, kama wewe usivyomwambia mtu avue viatu kabla hujampima suruali.

Tundu haliko chini. Liko ndani ya gari. Inua zulia upande wa kiti cha Mkia, utaona kifuniko cha mpira, kiondoe, ingiza mpira wa kumwagilia maua na faneli. Jaza mpaka yafike kwenye alama ya kijiti cha kupimia kilicho humo humo. Difu ina bolti ubavuni. Hiyo ifungue kwanza, unasikia, kwanza. Jaza kwa bomba la sindano la yule daktari wa ng'ombe mpaka yaanze kuchungulia yenyewe.

Umesema yako kwenye chupa. Hukusema yanafananaje. Mzee wa watu, mimi nahesabu siku hapa, wewe unaniambia habari za kalenda. Yanameta?

Mjukuu wako


Nyumbani, 9 Aprili

Kwa mjukuu wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi tuko salama.

Kazi imekwisha. Giaboksi imejaa mpaka alama. Chini ya zulia, karibu na kile kifuniko cha mpira, nilikuta kiatu cha Mkia cha mguu wa kulia. Nilimpa. Akakiweka juu ya kabati.

Difu nimefanya kwa utaratibu uliosema. Nimejipaka mpaka masikioni, na wateja wawili wameondoka kwa ile harufu.

Sasa kuhusu ulichoniuliza. Sikutaka kukujibu kwa macho tu, maana macho yangu ni ya miwani. Nilichukua kitambaa cheupe cha bitana, kile cha kutia ndani ya koti, nikachuja mafuta ya giaboksi yote, tone kwa tone, nikakianika dirishani. Kitambaa kimepata rangi ya asali. Hakuna unga. Nilikipeleka juani, nikamwita Mkia mwenye macho mazuri akiangalie. Akasema hakuna kitu, babu. Nikayachuja mara ya pili. Hakuna.

Mafuta ya difu ni meusi, yana nywele za chuma kama za paka. Lakini wewe mwenyewe ulisema ringi ziko kwenye giaboksi.

Nakumbuka miezi miwili kabla ya ajali uliifungua giaboksi juu ya meza yangu ya kukatia, ukatia ringi mpya, ukawaita watu wa mtaa mzima waje waone. Ulisema itadumu kuliko mimi. Nafikiri ulisema kweli.

Kila chupa nimeishonea kitambaa chenye jina shingoni, kama ninavyoshonea nguo za wateja zisipotee. Ziko kabatini. Niambie nifanye nini, maana mimi sijui.

Babu yako


Gerezani, 21 Aprili

Babu,

Shikamoo. Barua hii haikupita ofisini. Imetoka kwenye soksi ya mwenzangu wa kitanda cha juu, amemaliza kifungo leo asubuhi. Ukishaisoma ichome.

Chupa ziko mbili na mafuta ni mafuta. Fumua vile vitambaa shingoni, uvibadilishe. Ya difu iwe ya giaboksi, ya giaboksi iwe ya difu. Ni uzi tu. Wewe umefumua suti za watu mashuhuri zikashonwa upya na wenyewe hawakujua.

Harufu isikusumbue. Iache chupa wazi dirishani wiki mbili tatu, itapeperuka. Mafuta yakishachakaa hakuna anayejua yalitoka wapi. Wakili atayapeleka kwa mtaalamu wa mahakama, ataona chuma, ataandika chuma. Wewe utaapa kwamba umeyatoa mwenyewe, na ni kweli umeyatoa mwenyewe.

Najua unavyonuna sasa hivi. Najua hata ulivyoshika hiyo miwani. Lakini si uongo, babu. Gia iliruka. Mimi nilikuwepo, mkono wangu ulikuwa pale. Kwamba mafuta hayakuandika habari hiyo si kosa langu. Kazi yangu ilikuwa nzuri mno, ndiyo iliyonifunga. Umeshaona mtu akafungwa kwa ufundi?

Sitakudanganya kuhusu mashavu. Nimekonda. Tunalala kwa zamu, nusu wamelala nusu wamesimama. Nina miaka ishirini na mmoja na jino la mbele sina tena, usiniulize lilikwendaje. Wewe una sabini na nne. Nikitoka baada ya miaka mitano, nani atanifungulia mlango?

Mjukuu wako


Gerezani, 20 Mei

Babu,

Shikamoo. Hujambo? Ni mwezi sasa. Najua posta ni kobe, lakini hata kobe angekuwa ameshafika na kurudi. Umenuna? Andika basi kwamba umenuna, nifurahi kuona mwandiko. Wakili amesema bila chupa hatalitaja hata jina langu mbele ya hakimu.

Siulizi habari za ile barua. Nauliza kama u mzima.

Mjukuu wako


Nyumbani, 2 Juni

Kwa mjukuu wangu,

Mimi mzima. Samahani kwa kukaa kimya.

Ile nguo uliyoniagiza nimeifumua na kuishona upya kama ulivyotaka. Ilinichukua wiki tano kushika wembe, na dakika tatu kuifanya kazi yenyewe. Mshono hauonekani. Nimeikabidhi kwa yule kijana wako wa suruali fupi. Niliianika dirishani kwanza. Mimi siisikii harufu tena, lakini pua yangu imeishi nayo tangu Aprili, siwezi kuiamini.

Nimeamua hivi. Wewe ni mtoto niliyekulea tangu ukiwa na miaka minne, wewe na mdogo wako, baada ya wazazi wenu. Umenivunjia madirisha, umenikatia vitambaa vya wateja ukatengeneza bendera, lakini jambo kubwa hujawahi kunidanganya. Umesema iliruka, basi iliruka. Ninausaidia ukweli ambao haukupata shahidi. Nimejiambia hivyo mpaka nimelala.

Mkia aliniona nikishona. Alisimama mlangoni na gongo lake muda mrefu. Nikamwambia, nafanya kwa ajili ya kaka yako. Asubuhi yake alikuwa amefunga nguo zake. Amekwenda kwa shangazi yenu. Nilimuuliza nimekukosea nini, akasema hujanikosea, babu. Kile kiatu amekiacha juu ya kabati.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimetafuta wa kunitungia uzi kwenye sindano, sina.

Tarehe 17 nitakuwepo. Nimejipigia pasi suti.

Babu yako


Gerezani, 3 Julai

Babu,

Shikamoo. Hujambo? Suti ilikukaa?

Mimi sikupelekwa siku ile, walisema wakili anatosha. Nilikaa pale langoni mpaka jioni nimenyoa, nimewaaga watu, nimegawa na blanketi. Mpaka leo nalala bila blanketi, kila niliyempa anasema zawadi hairudi. Jana ndipo nikasomewa karatasi. Rufaa imetupwa. Haikusema kwa nini, au ilisema, askari akasoma haraka.

Wakili haji. Nimeandika kwa shangazi nikimuulizia Mkia, kimya. Niandikie japo mistari miwili. Kama umekasirika nitukane, nimezoea, huku natukanwa na watu ambao hata hawakunilea.

Mjukuu wako


Jengo la pili, 12 Agosti

Kwa mjukuu wangu,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo kidogo. Barua hii anaiandika kijana wa chumba changu aliyekuwa karani wa ghala, kwa sababu miwani yangu ilivunjika kwenye lori. Yeye ndiye atakayenisomea majibu yako. Ana sauti nzuri.

Usishtuke kwa anwani. Niko hapo ng'ambo ya uwanja, jengo la wazee na wagonjwa, tangu wiki iliyopita. Siku ya Jumanne mlipopita na ndoo nilikuona, au niliona mwendo wako. Sikuita.

Tarehe 17 Juni mambo yalikuwa mafupi. Mtaalamu wa mahakama alikuwa mama mmoja mwenye mikono ya fundi. Alishika chupa niliyoishonea jina la giaboksi, akaondoa kizibo, akainusa. Hakuiangalia hata kidogo. Akamwambia hakimu, haya ni mafuta ya difu, harufu hii haitoki hata ukiyaanika mwaka. Hakimu akaniuliza, mzee, hiki kitambaa cha jina kimeshonwa na nani? Nikasema mimi. Akaniuliza kama nimekosea. Alinipa nafasi, mjukuu wangu, alitaka niseme nimekosea. Lakini nilikuwa nimeshaapa, na kushona ni kazi yangu ya miaka hamsini, nikashindwa kusema nimekosea mshono. Nikasema sikukosea.

Wakanishikilia palepale. Nilikiri, nikapewa miezi kumi. Cherehani nimemwachia fundi wa jirani.

Sikulaumu. Nilifanya kwa akili zangu. Hakimu aliuliza kwa mdomo, mtaalamu akauliza kwa pua. Mkia hakuuliza, aliondoka. Mimi peke yangu sijawahi kukuuliza, kwa sababu niliona kuuliza ni kutokuamini. Sasa ninakuuliza.

Gia iliruka?

Babu yako


Jengo la nne, 14 Agosti

Babu,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu sijui pa kuanzia.

Umelala? Blanketi unalo? Mwambie karani akupe upande wa ukutani, ndipo hapapiti watu. Jumanne nilikuona na mimi. Mwenzangu wa ndoo akasema tazama yule mzee anavyotembea kama anapima barabara kwa futi. Nikacheka. Nikasema mzee wa nani huyo amekuja kufanya nini huku. Nilisema hivyo, babu, na nilikuwa nimeshakujua.

Ofisini wataisoma hii. Waisome.

Siku ile tulipofika juu kwenye tangi la maji, Mkia aliniambia, Kipanga wako kazi yake kunguruma tu, ataruka lini? Nikamwambia ngoja uone. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikazima injini, nikanyanyua mikono yote miwili juu. Tukashuka hatusikii kitu ila upepo. Mkia alicheka sana. Na mimi nilicheka kwa sababu yeye anacheka. Muuza magazeti alikuwa ametupa mgongo, anapanga magazeti yake ukingoni. Barabara ile anaijua kwa masikio. Hakusikia gari, kwa hiyo hakukuwa na gari, akarudi nyuma hatua mbili. Nilipokanyaga breki tulikuwa tumeshafika.

Haikuruka. Niliitoa kwa mkono huu ninaoandikia. Giaboksi ile ni nzima, ndiyo kazi moja niliyowahi kuifanya sawasawa maishani, na nimeisingizia kwa watu wote.

Hospitalini nilimwomba Mkia anyamaze. Mguu wake ulikuwa umefungwa juu kwa kamba. Akakubali kwa kichwa. Amenyamaza mwaka mzima na nusu, kisha akakuona unashona. Hakukukimbia wewe.

Nilipokuandikia kwamba si uongo, nilijua wewe utashika wembe kwa sababu ya neno hilo. Nililichagua.

Sina utani leo.

Sasa wewe karani, kaka, hapa naongea na wewe. Najua umemsomea mpaka hapa kwa sauti, na chumba kizima kimesikia. Sawa. Kama kuna mahali uliruka kwa kumhurumia, rudi usome. Mzee huyu hapendi kitu kilichorukwa. Ukimaliza usimuulize kitu. Mtazame tu, maana mimi siwezi kuvuka uwanja. Halafu niandikie alichofanya, hata kama hakufanya kitu, hata kama amegeukia ukuta. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye pembe ya karatasi. Nyuma sijaandika neno, nimekuachia yote.

Mimi,
mjukuu wake